Nina baridi yabisi na mapaja yangu yanakwisha: nipumzike au nifanye mazoezi?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri, Assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Tanga, fundi cherehani wa nguo za kike. Mwaka juzi vidole vya mikono yangu yote miwili vilianza kuvimba, vikafuata vifundo vya mikono na magoti, na kila asubuhi nilikuwa naamka nimekakamaa kiasi kwamba kumfungia mwanangu vifungo vya shati la shule kulinichukua muda mrefu kuliko kumpikia chai. Nilidhani ni uchovu wa kazi. Baada ya kuzunguka sana na dawa za kuchua na sindano za mtaani, nilipimwa damu hospitalini nikaambiwa nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili wenyewe. Nimeandikiwa methotreksati, ambayo nainywa mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi, na prednisoloni ya miligramu 5 kila siku. Uvimbe umepungua sana, namshukuru Mungu, ingawa zipo siku ambazo kifundo cha mkono wa kulia kinachachamaa, na siku hizo huwa najinunulia diklofenaki kwenye duka la dawa.

Kilichonisukuma kuandika ni kingine. Mapaja yangu yanakwisha. Magauni niliyojishonea mwenyewe yananipwaya mapajani na makalioni, huku tumbo likiwa limeongezeka. Ili ninyanyuke kwenye kigoda cha jikoni lazima nishike ukuta, ili nipande daladala lazima kondakta anivute mkono, na tangu Ramadhani iliyopita naswali nikiwa kitini kwa sababu nikishasujudu siwezi kuinuka. Hata hivyo uzito wangu kwenye mizani haujapungua, ndiyo maana kila nikilalamika naambiwa nina wasiwasi tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia nianze mazoezi ya kukaa na kusimama, kuvuta mpira na kutembea. Nilipofika nyumbani mama mkwe, ambaye ananipenda kama mwanawe wa kumzaa, alikataa katakata. Anasema viungo vilivyovimba vikisuguana vitasagika, na kwamba mgonjwa anayetulia ndiye anayepona. Mume wangu yuko upande wa mama yake, na amekwisha kumleta binti wa kazi ili nisiguse hata ndoo ya maji. Kwa upande mwingine, mpwa wangu anayenyanyua vyuma anasema kwamba dawa hizi ni sumu, kwamba wanasayansi wamegundua mazoezi yanaondoa mcharuko mwilini, yaani ule mwako wa kinga unaoleta uvimbe, joto na maumivu, na kwamba nikifanya mazoezi vizuri naweza kuziacha zote. Nilijaribu yale mazoezi kwa siku mbili, siku ya tatu mapaja yaliniuma nikashindwa kushuka ngazi, nikaacha.

Naomba unieleze: je, mazoezi hayatanimalizia viungo? Je, ni kweli yanaweza kuchukua nafasi ya dawa? Na mtu ambaye vidole vyake havishiki sawasawa aanzie wapi?

Fundi wa Tanga

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu, na pole sana kwa maradhi na kwa mvutano ulioko nyumbani, ambao naona unakuchosha karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Nianze na mizani, kwa sababu hapo ndipo malalamiko yako yalipopuuzwa bila haki. Mapaja kupungua huku uzito ukibaki pale pale na tumbo likikua ni jambo linalojulikana katika baridi yabisi, wala si wasiwasi. Daktari mpasuaji wa Uingereza, James Paget, alikwisha kueleza mwaka 1873 jinsi misuli iliyo jirani na kiungo kilichougua inavyonyauka, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, akiwemo Ronenn Roubenoff, walionyesha kwamba upungufu huo huenea mwili mzima. Nafasi ya misuli iliyopotea mara nyingi huchukuliwa na mafuta, na kwa kuwa mizani hupima jumla tu, haiwezi kukuambia kilo ipi ni ya misuli na ipi ni ya mafuta. Magauni yako yamepima vizuri zaidi. Chukua futi yako ya kazini, pima mzunguko wa kila paja sentimita 15 juu ya goti, andika kwenye daftari lile lile unaloandikia vipimo vya wateja, kisha mwombe mwanao akuhesabie muda unaotumia kusimama na kukaa kitini mara 5 mfululizo bila kujisukuma kwa mikono. Anayezidi sekunde 15, au asiyeweza kabisa, huhesabiwa kuwa misuli ya miguu yake imedhoofika. Vipimo hivyo viwili uvirudie kila mwezi, maana ndivyo vitakavyokuonyesha kama tiba inafanya kazi.

Misuli hiyo imekwenda wapi? Katika baridi yabisi chembe za kinga huvamia utando laini unaokifunika kiungo kwa ndani, utando huo ukavimba na kumimina kemikali za mcharuko, zikiwemo zile ziitwazo TNF na intaleukini 6. Kemikali hizo hazibaki gotini wala kidoleni, bali huingia kwenye damu na kusambaa, na zinapofika kwenye misuli huharakisha uvunjaji wa protini na kuzorotesha ujenzi wa protini mpya, hata mwili ukawa kama mwenye duka anayeendesha nyumba yake kwa kula mtaji. Prednisoloni nayo, ikitumika kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu, hudhoofisha hasa misuli mikubwa ya mapaja na nyonga. Miligramu 5 ni dozi ndogo na huenda mchango wake kwako si mkubwa, lakini zile sindano za mtaani zinanitia shaka, kwa kuwa baadhi ya sindano zinazotolewa kwa jina la kutuliza maumivu huwa ni steroidi, kundi lile lile la prednisoloni. Mweleze daktari wako ulichomwa mara ngapi na kwa kipindi gani, hata kama hukuwahi kuambiwa jina la dawa.

Kisha kuna kupumzika kwenyewe, na hapa ndipo familia yako inapokudhuru bila kukusudia. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikaa kitandani kwa siku 10, na katika muda huo mfupi walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na mcharuko wowote mwilini. Mtu ambaye ugonjwa unamla misuli mchana na usiku, akizuiwa asichote maji, asiende sokoni na asiiname kufagia, anaumalizia ugonjwa kazi yake. Binti wa kazi amekuja kwa nia njema, na siku ambazo kifundo cha mkono kimevimba abebe yeye ndoo, lakini siku nyingine zote kazi zinazohitaji miguu zirudi kwako.

Jaribio ambalo naliona linajibu sehemu kubwa ya barua yako lilichapishwa mwaka 2021 na wahandisi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, chini ya Nenad Bursac. Walikuza maabara misuli hai kutokana na chembe za binadamu, wakaiweka kwa siku 7 katika interferoni gama, ambayo ni mojawapo ya kemikali za mcharuko, na misuli ile ikanywea na kupoteza nguvu. Mingine waliiwekea kemikali hiyo hiyo, lakini wakati huo huo wakaichochea kwa umeme ili ijikaze na kulegea kama inavyofanya ya mtu anayefanya mazoezi, na hiyo ilinusurika karibu kabisa. Kinachonivutia ni kwamba mle ndani hamkuwa na moyo, wala damu inayozunguka, wala mafuta ya kupunguzwa. Msuli ulijikinga wenyewe kwa sababu ulikuwa unafanya kazi. Watafiti wale walijaribu pia tofasitinibu na barisitinibu, dawa mbili ambazo tayari hutumika kutibu baridi yabisi, nazo zikazuia uharibifu kwa kuifunga njia ambayo interferoni huitumia ndani ya chembe. Msuli wa maabara si mtu mzima mwenye nyumba na watoto, na sitaki ulichukue jaribio hilo kama ahadi, ila linaeleza vizuri kwa nini mtaalamu wako hakuwa anakutania alipokuandikia mazoezi kama sehemu ya matibabu.

Nije kwa mama mkwe, ambaye hoja yake isibezwe, kwani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wenyewe waliwalaza kitandani wagonjwa wa viungo na kuwakataza kunyanyua chochote. Waliogopa jambo lile lile analoliogopa yeye. Waholanzi waliamua kulipima: wagonjwa wa baridi yabisi zaidi ya 300 waligawanywa kwa kura, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida, na nusu wakafanya mazoezi mazito kwelikweli, ya baiskeli, ya kuzunguka vituo vya nguvu na ya michezo, dakika 75 kila mara, mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Waliofanya mazoezi waliweza kazi za kila siku vizuri zaidi, na picha za eksirei za mikono na miguu hazikuonyesha kwamba viungo vyao vimeharibika kuliko vya wenzao. Palikuwa na tahadhari moja ambayo naiona ni muhimu kwako: wagonjwa ambao viungo vyao vikubwa, kama magoti, nyonga na mabega, vilikuwa vimeharibika sana tangu mwanzo, walielekea kuharibika zaidi kwa mazoezi hayo mazito. Kwa hiyo, kabla hujaongeza uzito wowote mgongoni, omba eksirei ya magoti, na kama imeonyesha uharibifu mkubwa, nguvu ya mapaja uijenge kwa njia zisizogonga goti, kama nitakavyoeleza.

Mwambie pia mama mkwe kwamba gegedu, ile nyama laini inayotenganisha mfupa na mfupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri kiungo kinavyobanwa na kuachiwa. Goti lisilotembezwa linakosa lishe, na misuli inayolishikilia ikilegea, kila hatua unayopiga inaliangukia goti lenyewe.

Mpwa wako ana nusu ya ukweli, na kwa kawaida nusu ya ukweli ndiyo inayoniogopesha zaidi. Ni kweli kwamba misuli inayofanya kazi hutoa kemikali zinazoathiri kinga. Kikundi cha Bente Klarlund Pedersen huko Copenhagen kilionyesha kwamba paja linalofanya kazi humwaga intaleukini 6 ndani ya damu, ile ile niliyoitaja juu kuwa ya mcharuko, ila inapotoka kwenye msuli kwa muda mfupi wa mazoezi huchochea kemikali nyingine za kutuliza na kuibana TNF. Huenda hilo ndilo alilolisoma. Hata hivyo hakuna ushahidi kwamba mazoezi peke yake huzuia baridi yabisi kuila mifupa ya viungo, ilhali methotreksati inapotumika ipasavyo inaupunguza uharibifu huo, na uharibifu wa mfupa ukishatokea haurudi nyuma. Usiache methotreksati, na uendelee kuinywa siku moja kwa wiki kama ulivyoandikiwa, kwani kuinywa kila siku kwa kukosea kumewahi kuua watu. Prednisoloni usiikatishe ghafla hata siku ukijisikia umepona, kwa sababu mwili uliozoea kupewa huacha kutengeneza ya kwake, na kuikatisha bila kupunguza taratibu kunaweza kukuangusha vibaya. Diklofenaki unayojinunulia, ikichanganyika na prednisoloni, inaongeza hatari ya vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na figo zikisumbuliwa nayo, methotreksati inaweza kujikusanya mwilini; daktari lazima ajue kwamba unaitumia. Mpwa wako tumpe kazi nyingine, nayo ni kukusimamia unapofanya mazoezi, maana anajua kunyanyua.

Yale maumivu ya mapaja ya siku ya tatu, yaliyokufanya uache, naomba tuyatazame kwa karibu kwa sababu wagonjwa wengi huishia hapo. Msuli uliolala muda mrefu ukifanyishwa kazi huuma siku ya pili na ya tatu, huuma zaidi unaposhuka ngazi, na maumivu hayo yako katikati ya nyama ya paja, pande zote mbili, bila joto wala uvimbe. Huisha yenyewe ndani ya siku chache, na ukirudia zoezi hilo wiki inayofuata huwa madogo zaidi. Maumivu ya kiungo ni tofauti: yako kwenye goti lenyewe au kifundo chenyewe, pengine na joto ukigusa kwa mgongo wa kiganja, na asubuhi inayofuata ukakamavu unakuwa mrefu kuliko kawaida yako. Kanuni tunayoitumia ni hii: kiungo kikiuma zaidi kwa muda unaozidi saa mbili baada ya mazoezi, au kikiamka kimevimba kesho yake, ulizidisha, basi mara inayofuata punguza kiasi cha theluthi moja, wala usiache kabisa.

Sasa jinsi ya kuanza. Usifanye alfajiri wakati umekakamaa. Subiri viungo vilegee, kama saa nne asubuhi hivi, au alasiri joto likipungua, na mwezi wa Ramadhani ufanye baada ya kufuturu. Chukua kiti cha mezani kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, uweke juu yake mto au kanga zilizokunjwa mpaka kimo cha kukalia kiwe kile unachoweza kuinukia bila kushika kitu. Vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, simama, kisha keti polepole kwa kuhesabu tatu, maana kuketi polepole ndiko kunakojenga zaidi. Fanya mara 8, pumzika dakika mbili, rudia, na ukiweza rudia tena. Siku tatu kwa wiki zenye siku ya mapumziko katikati zinatosha. Zoezi liwe gumu kiasi kwamba ukimaliza unahisi ungeweza kuongeza mara mbili tu. Ukihisi ungeweza kuongeza kumi, limekuwa rahisi, toa kanga moja. Siku utakayoinuka bila mto, anza kukumbatia kifuko cha kilo moja ya unga kifuani kwa mikono iliyopishana, si kukishika kwa vidole. Kufikia kimo cha kigoda kutachukua miezi, na kusujudu na kuinuka kutafuata baada ya hapo. Kwa sasa kuswali kitini ni ruhusa ya mgonjwa, na hilo mashehe watakueleza vizuri kuliko mimi.

Kama eksirei itaonyesha magoti yameharibika, keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja kwa sekunde 5 na uushushe, au lala chali ukaze paja kwa kulibonyeza goti juu ya taulo lililoviringishwa. Hayo hayaligongi goti. Na ninyi watu wa Tanga mna bahari tulivu. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni, pale Raskazone maji yakiwa yametulia, kunaupunguzia mwili sehemu kubwa ya uzito wake huku maji yenyewe yakiyapa mapaja upinzani. Nenda na mtu wa kukushika, vaa viatu vya maji au raba kuukuu kwa ajili ya mawe na miiba ya baharini.

Kwa mabega na mgongo, tyubu ya zamani ya baiskeli iliyokatwa kwa urefu inafaa kabisa. Fundi baiskeli atakukatia. Ifunge kwenye nondo ya dirisha, na badala ya kuishika kwa vidole, tengeneza vitanzi vipana vya kitambaa, kazi ambayo wewe ni fundi wake, uvipitishe mikononi karibu na viwiko, kisha uvute viwiko nyuma huku kifua kimenyooka. Kwa njia hiyo vidole vinapumzika na misuli ya mgongo inafanya kazi.

Vidole navyo visisahaulike, kwa kuwa ndivyo vinavyokulisha. Uingereza ilichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio la wagonjwa 490 wa baridi yabisi wenye shida ya mikono, na waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu mikono, wakiendelea na dawa zao, walipata uwezo zaidi wa kutumia mikono kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, kunja ngumi polepole na uikunjue, gusisha kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole, kisha kamua donge la unga laini uliokandwa kama wa chapati. Siku ya uvimbe acha donge, lakini kukunja na kukunjua uendelee nako. Mkasi mzito wa kukatia vitambaa ni adui wa kifundo cha mkono wa kulia. Kwa sasa kazi ya kukata mwachie msaidizi, wewe ushone.

Kutembea anza na dakika 10, kwa viatu vyenye soli imara na si ndala, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na mwaka 2018 madaktari wa viungo wa Ulaya walisema bayana kwamba mapendekezo ya watu wote yanawafaa pia wagonjwa wa baridi yabisi, mradi yapimwe kwa hali ya kila mmoja. Usikimbilie dakika hizo. Ongeza dakika mbili tatu kila wiki.

Kuhusu chakula, sitasema mengi: misuli haijengwi kwa chai na maandazi. Kila mlo uwe na dagaa, samaki, yai, maharage, kunde au maziwa, isipokuwa kama umeambiwa figo zako zina tatizo.

Yapo mambo ya kukufanya usimamishe mazoezi na kwenda hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kuuma kuliko vyote, hasa ukiwa na homa, kinaweza kuwa na maambukizi, na dawa unazotumia zinapunguza kinga. Shingo ikiuma hadi kisogoni, au mikono ikafa ganzi na kupigwa kama shoti ya umeme unapoinamisha kichwa, ni lazima upigwe picha ya shingo, kwa sababu baridi yabisi huweza kulegeza pingili za juu kabisa. Kifua kubana au pumzi kukata unapotembea pia si jambo la kuvumilia, kwani ugonjwa huu huongeza hatari ya maradhi ya moyo na unaweza kugusa mapafu.

Utakapokwenda kliniki, nenda na daftari lako la vipimo, taja diklofenaki na zile sindano, omba eksirei ya magoti, na uulize kama prednisoloni inaweza kuanza kupunguzwa na nani atasimamia upunguzaji huo. Kisha rudi kwa yule mtaalamu wa fiziotherapia, na safari hii uongozane na mama mkwe. Mwache aulize mwenyewe, amwone mtaalamu akikushika goti unapoinuka, na ikiwezekana aketi kwenye kiti cha pili alifanye zoezi pamoja nawe, kwa kuwa umri nao unapunguza misuli, na kwa miaka yake na yeye analihitaji.